Macho ya Mke wa Lwanda Magere

Huku Kisumu Ndogo, Kibera, ukitaja Lwanda Magere kwa kibanda cha chai, hakuna msee atanyamaza. Kila mtu ana Lwanda wake. Waliokua na Pichadithi, vitabu vya katuni vya hekaya alivyoanzisha Terry Hirst miaka ya 1980, wanamkumbuka yule wa vitabuni. Sisi wadogo tunamchora na misuli ya Black Panther. Wiki jana tukabishana tena: mwili wa jiwe unachorwaje?

Rafiki yangu Mnandi akaangalia mchoro wangu. "Na huyu mbona umempa macho ya nyoka?"

Alimaanisha mke, binti wa Kinandi aliyegundua kwamba nguvu za mumewe ziko kwenye kivuli, akapeleka siri kwao. Nilimchora hivyo bila kufikiria. Lakini kwenye hadithi ni wazee wake waliomtoa aolewe na adui. Nani alimuuliza? Na mapema 2008, Kibera hii hii, majirani walichomeana nyumba kwa sababu ya kabila.

Nikafuta macho. Nimejaribu mara tatu kuyachora upya. Lwanda ni rahisi, jiwe ni jiwe. Huyu dada bado ananishinda.