Nasaba Zilizohifadhiwa Alberta



Wapenzi wasomaji, na hasa nyinyi akina mama, walezi wa nyumba zetu.

Mwenyezi Mungu alinijaalia kumzuru mpwa wangu anayeishi na familia yake Edmonton, mji mkuu wa jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada. Jambo la kwanza nililoomba ni kuonyeshwa msikiti wa zamani wa Al Rashid, uliofunguliwa Disemba 1938, nao ndio wa kwanza kujengwa Kanada. Leo jengo hilo dogo la matofali limehifadhiwa katika bustani ya makumbusho ya Fort Edmonton. Abdullah Yusuf Ali, mfasiri mashuhuri wa Qur'ani kwa Kiingereza, alihudhuria ufunguzi wake. Na miongoni mwa waliomwendea meya kuomba kiwanja alikuwa mwanamke, Bi Hilwie Hamdon, mhamiaji kutoka Lebanon.

Jioni jirani wa mpwa wangu, mzee wa asili ya Lebanon, alikuja kutuamkia. Tulipotaja msikiti, akafungua kompyuta akatuonyesha habari za babu yake.

Alianza na sensa. Majimbo ya nyika za Kanada yalihesabiwa kwa sensa zao maalumu mwaka 1906, 1916 na 1926, na madaftari yake yamo katika tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya taifa, bila malipo. Katika ile ya 1916 tuliliona jina la babu yake, umri, nchi aliyozaliwa, dini, na mwaka aliohamia.

Kisha akatueleza habari ya mashamba. Kwa sheria ya 1872, mhamiaji aliweza kupewa ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti ajenge, akae na alime kwa miaka mitatu ndipo apate hati miliki. Majalada hayo ya Alberta, ya 1870 hadi 1930, yamewekewa faharasa na chama cha wapenzi wa nasaba, Alberta Genealogical Society, nayo husakwa mtandaoni. Ndani ya jalada hukutwa idadi ya ng'ombe, ekari zilizolimwa, na ushahidi wa majirani. Hifadhi ya jimbo nayo ina faharasa za vizazi vilivyopita miaka 120, ndoa miaka 75 na vifo miaka 50.

Akatutahadharisha, hata hivyo, kuhusu majina. Makarani waliandika majina ya Kiarabu kama walivyoyasikia, hivyo jina moja lina sura nyingi. Wengine walibadili kabisa. Ali Abouchadi, aliyefika akiwa kijana kutoka bonde la Bekaa na kufanya biashara Lac La Biche, alijulikana huko kwa jina la Alexander Hamilton. Amtafutaye Ali katika madaftari asipoambiwa na jamaa zake habari hiyo, hatamwona.

Hapo binti wa mpwa wangu, mwenye miaka tisa, akanigeukia: "Babu, na sisi, babu wa babu yetu ni nani?"

Nilitaja majina manne, nikakwama. Aliyejua zaidi alikuwa shangazi yangu mkubwa, naye alikwisha kutangulia mbele ya haki miaka miwili kabla ya safari ile. Nimekaa naye barazani miaka na miaka, tumekunywa kahawa, wala sikumuuliza. Nami ndiye ninayewasomesha watu kwamba Mtume (S.A.W.) alituhimiza kujua nasaba zetu ili tuunge jamaa zetu!

Niliporudi Mombasa nilifungua msahafu wa zamani wa marehemu babu. Katika karatasi ya mwisho aliandika kwa mkono wake vizazi vya nyumba yake, tarehe za Hijria, na jina la babu yake nisilolijua. Nimeinakili karatasi ile nikampelekea yule mtoto, na nafasi za wanawake nikaziacha tupu, kwani babu hakuwaandika.

Mama zangu, majina hayo mnayo nyinyi: nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi, nani alihamia Pemba au Maskati. Wiki hii chukueni daftari, mkae na bibi mmoja aliye hai, mwandike. Msisahau majina ya kina mama.

Wabillahi tawfiq.