Diodi Umeweka?

Mimi nilianza kwa kuharibu. Nilinunua bodi ya Arduino Uno hapa Leicester, nikawasha kitaa kimoja, kichwa kikavimba. Kesho yake nikaunga mota moja kwa moja kwenye mguu wa chipu. Basi, mguu ule ukafa. Kumbe haufai kutoa zaidi ya miliampea 20, na mota ilitaka nyingi zaidi.

Nikampigia baba, fundi redio Kariakoo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Transista umeweka? Na diodi?"

Sikuwa nazo.

"Mwanangu, mota ukiikatia umeme inarudisha teke. Diodi iunge sambamba na mota, mstari wake uelekee chanya. Na usinunue, tafuta redio mbovu."

Nikapata redio kaseti kwa pauni 2. Ndani mlikuwa na mota, diodi, transista, vyote! Nikalehemu mpaka usiku, na mota ikazunguka.

Wenzangu mnaoanza, msikimbilie dukani. Nami nina la kukiri: kwenye fomu ya chuo, kazi ya mzazi, niliandika "mfanyabiashara". Mwaka huu nimeandika "fundi redio".