Arlington: Farasi wa Maziko Wanapowabeba Majeruhi

Anayevuka daraja la Mto Potomac kutoka Washington, mji mkuu wa Marekani, hufika kwenye kilima cha Arlington katika jimbo la Virginia. Hapo wamezikwa watu wapatao laki nne, wengi wao askari, na mawe meupe ya makaburi yao yamepangwa mstari kwa mstari. Baadhi ya mawe hayo yamechongwa alama ya mwezi na nyota, kwani wamo Waislamu pia. Jirani na makaburi hayo ipo kambi ya Fort Myer, yenye mabanda ya farasi wa kikosi kiitwacho Old Guard.

Kazi kubwa ya farasi hao ni maziko. Sita huvuta gari lililotengenezwa mwaka 1918 kwa ajili ya mizinga, ambalo sasa hubeba jeneza. Farasi wote sita hutandikwa, lakini watatu wa upande wa kushoto ndio hupandwa. Hatua zao ni za taratibu, nao hufunzwa kutoshtushwa na bunduki wala tarumbeta.

Utulivu huo ndio uliozaa kazi yao ya pili, ambayo ndiyo makusudio yetu leo. Mwaka 2006, wakati majeruhi wa vita vya Iraki na Afghanistani walipokuwa wakitibiwa katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, ulianzishwa hapo Fort Myer mpango wa kuwapandisha farasi. Waliokatwa miguu, walioumia uti wa mgongo na waliojeruhiwa ubongo walipandishwa juu ya farasi wale wale waliowasindikiza wenzao kaburini.

Hatuwezi kuwataja majeruhi hao tukawasahau Wairaki na Waafghani, wanaume kwa wanawake na watoto, waliopoteza viungo katika vita hivyo hivyo. Wengi wao hawakupata hata mguu wa bandia, seuze farasi. Maumivu ya mwanadamu ni mamoja, ila tiba yake haikugawanywa sawa.

Je, farasi anatibu nini? Anapotembea, mgongo wake huisukuma nyonga ya aliyempanda mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, kwa namna inayokaribia mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu yake. Hivyo misuli ya kiuno na mgongo hulazimika kufanya kazi, na mwili hujifunza upya kujisawazisha. Kwa kawaida mtu mmoja hushika hatamu mbele, na wengine wawili hutembea ubavuni ili mpandaji asianguke.

Jambo hili halikuanzia jeshini. Lis Hartel wa Denmark alipatwa na polio mwaka 1944, miguu yake ikapooza kuanzia magotini kwenda chini. Mwaka 1952 alitwaa medali ya fedha ya upandaji farasi katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, akishindana na wanaume. Alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka, lakini akiwa juu ya tandiko alimwongoza farasi mwenyewe. Mfano wake uliwatia moyo wengi walioanzisha vituo vya kuwapandisha farasi watu wenye ulemavu.

Kwa aliyejeruhiwa nafsi, faida huja kwa njia nyingine. Farasi ni mnyama mwenye hadhari. Humsoma mtu kwa pumzi na mkazo wa mwili wake. Askari aliyerudi vitani akishtuka kwa kila kishindo hulazimika kujituliza kwanza, ndipo farasi amkubali. Kisha humpiga brashi, humsafisha kwato, humlisha. Aliyezoea kuhudumiwa kitandani huona kwamba yupo kiumbe anayemtegemea yeye.

Hapa ndipo ilipo amana. Mwezi wa Februari 2022 farasi wawili wa kikosi hicho walikufa kwa maradhi ya tumbo. Uchunguzi ulionyesha chakula duni, na viwanja vibovu vilivyowafanya wale mchanga na changarawe. Mwaka 2023 maziko ya farasi yalisimamishwa ili wanyama hao watibiwe na kutunzwa, na hayakurejea hadi Juni 2025. Jeshi lenye mali nyingi lilikumbushwa kwamba mnyama atumikaye ana haki yake. Sisi tulikwisha kufundishwa na Mtume (SAW) habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula.

Kwa familia zetu, ambazo wengi wao hawatamiliki farasi, mazingatio ni haya. Mwenye ulemavu nyumbani hahitaji huruma peke yake. Anahitaji kuaminiwa kazi. Mtoto asiyeweza kukimbia aweza kukabidhiwa mbuzi au kuku wake, akajua saa ya kumnywesha na ishara za ugonjwa, na watu wa nyumba wakamwuliza yeye hali ya mnyama huyo. Tusimnyime jukumu kwa kudhani kwamba tunampumzisha.