Magamba kutoka Kamituga

Goma, 22 Aprili 2024

Sampuli za Kamituga, Kivu Kusini, zimeingia mchana: magamba ya vipele, makavu, mengine madogo kama punje za mtama. Humo kirusi cha mpox kimejaa kuliko kwenye damu, ndiyo maana nawasihi wauguzi wasisahau magamba.

Mashine ya PCR inapasha hadi nyuzi 95, inapoza, inapasha tena. Kila mzunguko kipande cha DNA kinachotafutwa huongezeka karibu maradufu, mpaka mwanga uonekane. Shida ni kwamba kipimo cha kutambua tawi la kwanza la mpox hakikioni kirusi cha Kamituga. Kipande cha jeni kinachotafutwa, herufi zaidi ya 1,100, kimedondoka. Kipimo cha jumla kinawaka, cha tawi la kwanza kinanyamaza. Lazima tupime vyote viwili.

Jioni muuguzi amepiga simu: “Yaya, majibu iko wapi? Huyu mama iko anangoja.”

23 Aprili

Nimekesha na jenomu ya kirusi hiki, herufi kama 197,000. Mabadiliko karibu yote ni ya namna moja, C kugeuka T, pale ambapo APOBEC3, kimeng'enya cha mwili wa binadamu, huwa kinashambulia. Kirusi kinachotoka kwa mnyama kila mara hakina alama hizi kwa wingi hivi. Hiki kinapita mtu kwa mtu. Kati ya wagonjwa 108 waliothibitishwa Kamituga, asilimia 29 wanafanya biashara ya ngono. Mji wa machimbo ya dhahabu, watu wanaingia na kutoka kila siku. Sioni kitakachokizuia kufika hapa Goma.

15 Agosti

Jana WHO imetangaza dharura ya kimataifa. Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya wamekwisha kupata wagonjwa tangu Julai. Leo Sweden. Wamesoma vinasaba na kukuta Ib, tawi dogo la lile la kwanza, hili letu. Bila kusoma wangedhani ni lile la pili lililozunguka dunia mwaka 2022. Nina uchungu. Herufi hizi tulikuwa nazo tangu mapema mwaka huu.

6 Septemba

Chanjo za kwanza zimetua Kinshasa jana, karibu dozi 100,000 kutoka Umoja wa Ulaya. Haziwatoshi wote. Mimi ningeanza Kamituga, na wanawake wa vyumba vya baa na wachimbaji, kabla ya ofisi yoyote ya mjini.