Mtango wa Yona na Sukuma Wiki Zangu

Neno la leo linatoka kitabu cha Yona, sura ya 4. Lakini kabla hujafungua Biblia, ngoja niungame jambo.

Mwaka jana niliweka hapa picha nikiwa nimesimama mlangoni mwa kivungulio changu kipya, nyuma ya nyumba ya mchungaji hapa Namoruputh. Mliandika Amina nyingi sana. Nilikuwa nimeviona vivungulio kwetu Kitale, nyanya zimepanda kamba mpaka juu, nikasema moyoni, hata Turkana Bwana anaweza. Mimi na mke wangu tukatoa akiba ya miaka miwili. Tukasimamisha nguzo za mathenge, tukafunika plastiki juu na pande zote, tukaweka mlango wenye kufuli, maana mbuzi wa huku hawabishi hodi. Nikapanda miche 200 ya sukuma wiki na 60 ya nyanya. Nikaiombea.

Sikumuuliza mwenyeji hata mmoja. Hilo ndilo ungamo la kwanza.

Kitale usiku kuna baridi, na plastiki hushika joto la mchana ili mimea isitetemeke. Huku kwetu nani anatafuta joto? Mchana tunapita nyuzi 35 miezi mingi ya mwaka, na hiyo ni nje kivulini. Siku moja saa nane mchana nilifungua ule mlango, miwani yangu ikajaa mvuke papo hapo. Majani yalikuwa yamelala kama nguo mbichi. Nikaongeza maji, kutoka mitungi minne kwa siku hadi minane. Nyanya zikachanua, halafu maua yakadondoka yote, kwa sababu joto likizidi ua halishiki tunda. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hiyo kadiri nilivyomwaga ndivyo udongo ulivyozidi kuwa mweupe juu. Kufikia wiki ya sita sukuma wiki zilikuwa zimekauka.

Wapendwa, nilimkasirikia Mungu. Nilimwambia, "Bwana, nimeacha kwetu nije nikutumikie huku, na hata mboga unaninyima?" Jioni hiyo sikula. Mke wangu alinyamaza, na kunyamaza kwake kulinichoma zaidi.

Asubuhi yake pampu ya kisima ilikuwa imeharibika. Mama mmoja mzee wa kanisa letu akaja kuomba maji kwenye tangi letu. Akachungulia kivungulio, akaguna. "Pasta, hapa umejenga jiko. Hata mbuzi jua likiwaka anatafuta mti, hatafuti nyumba."

Badala ya kumjazia mtungi, nikaanza kumweleza hasara yangu. Nilimweleza miche, plastiki, pesa. Akasikiliza mpaka mwisho, mtungi mtupu mkononi. Akasema, "Pole sana, Pasta."

Alipoondoka ndipo nilipoketi chini. Mama huyu alipoteza mbuzi wake wote katika ule ukame ambao mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Anawalea wajukuu wanne. Nyumba yake hutumia mitungi miwili kwa siku. Mimi nilikuwa namwaga minane, lita 160, juu ya mimea inayokufa. Na kati yetu wawili, aliyepewa pole ni mimi.

Sasa soma Yona 4. Yona alikuwa ameketi nje ya Ninawi amekasirika. Mungu akamwotesheea mtango umpe kivuli, Yona akafurahi sana. Kesho yake mdudu akautafuna, ukanyauka, na upepo wa moto wa mashariki ukavuma. Yona akatamani kufa. Ndipo Mungu akamwonyesha kwamba alihurumia mmea ambao hakuutaabikia, lakini hakuwahurumia watu zaidi ya 120,000 wa mji ule, wala wanyama wao. Kitabu kinaishia hapo, kwenye swali la Mungu. Jibu la Yona hatulisomi. Mwaka jana swali hilo lilinifikia mimi, nikiwa na kufuli mkononi.

Kwanza nilimwomba mke wangu msamaha. Kisha nilimfuata yule mama kwake, na mara hii mitungi ilikuwa imejaa. Nikamwomba anifundishe. Tukaondoa plastiki, tukatandaza neti ya kivuli juu, pande tukaacha wazi upepo upite, na mbuzi tukawazuia kwa ua wa miiba. Vitanda vya mboga tukavichimba viwe chini ya usawa wa ardhi, maji yasikimbie. Tukatia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na kufunika udongo kwa nyasi kavu. Tukapanda kunde na mchicha, mimea isiyoogopa jua. Namwagilia jioni tu, mitungi mitatu. Ndugu zetu wa Kakuma mnaopanda mboga kwenye magunia nje ya nyumba zenu, haya mliyajua kabla yangu.

Baada ya mwezi mmoja tulichuma mchicha. Fungu la kwanza lilikwenda kwa yule mama. Sitawadanganya kwamba mbuzi wake wamerudi. Hawajarudi. Lakini sasa ana kitanda chake ndani ya ua huo, na anaingia bila kunibishia hodi, kwa kuwa kufuli niliitoa.

Mpendwa, ni mtango gani umekuliza wiki hii? Biashara? Simu iliyoibwa? Lia, Mungu anasikia. Ila ukimaliza, inua macho umtazame aliyesimama mbele yako na mtungi mtupu. Mjazie kwanza. Hadithi yako atakuja kuisikiliza siku nyingine.

Baba, utusamehe tunapolilia majani na kuwapita watu. Katika jina la Yesu, Amina.

Jumamosi asubuhi nagawa mbegu za kunde hapa nyumbani. Njoo na mfuko wako. Ukibarikiwa, mshirikishe mwenzako.