Bariadi: Fisi akimjeruhi mtoto, nani anawajibika?

Lamadi ni mji wa njia panda. Mabasi ya Mwanza kwenda Musoma husimama hapo, wauza samaki na matunda wakayazunguka kabla hayajazima injini. Magari ya watalii hupita bila kusimama sana, yakielekea lango la Ndabaka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Anayekwenda Bariadi huacha barabara kuu na kushika lami ya kilomita zipatazo 70 kuelekea kusini mashariki.

Katika njia panda hiyo hukutana watu wa aina mbili ambao wote watakuwa jirani na wanyamapori kabla ya jua kuzama. Mtalii amekata bima ya safari kwao, na akijeruhiwa kuna kampuni itakayolipa hospitali. Mtoto wa kijijini, anayechunga ng'ombe wa baba yake kilomita chache kutoka porini, hana bima ya namna hiyo. Akijeruhiwa, wa kwanza kulipa ni mzazi.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 na makao yake makuu ni Bariadi. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi tambarare ya pamba na ng'ombe, yenye mawe makubwa yaliyorundikana kama yamepangwa na mtu. Miji ya Wasukuma imezungushiwa minyaa, na juani huanikwa michembe. Upande wa mashariki mashamba yanakutana na Pori la Akiba Maswa, na nyuma ya pori hilo ndiyo Serengeti yenyewe. Tembo akivuka usiku haoni mpaka wowote. Fisi hahitaji hata kuvuka, kwa kuwa wapo wanaoishi kwenye vichaka na mapango ya mawe katikati ya makazi.

Ndiyo maana ratiba ya mtoto wa huku huanzia kwenye hofu ya mzazi: nani atamsindikiza shuleni kabla hakujapambazuka, nani ataandamana naye kisimani, na ng'ombe warudi saa ngapi. Mwano ukipigwa usiku, yaani yowe la kuomba msaada, wanaume hutoka na mikuki na tochi.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 habari za Simiyu zilivuka mipaka ya nchi. Baada ya matukio ya fisi kushambulia watu, wakiwamo watoto, askari wa wanyamapori waliwasaka na kuwaua fisi kadhaa wilayani Itilima. Mmoja alikutwa na maandishi mwilini. Minong'ono ya siku nyingi kwamba wapo watu wanaofuga fisi kwa mambo ya kishirikina ikageuka kuwa swali la polisi: huyu fisi ni wa nani?

Kwa mzazi mwenye mtoto wodini, swali hilo ndilo linaloamua nani alipe, na alipe nini.

Machozi yanafutwa, hayalipwi

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Wengi wakisikia hivyo huona jambo limekwisha: kama mnyama ni wa serikali, basi serikali ilipe. Sheria haikwenda huko. Iliweka malipo yenye jina lake, na jina hilo lina uzito. Kwa uharibifu wa mazao huitwa kifuta jasho. Kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa huitwa kifuta machozi. Hakuna kati ya hayo mawili linaloitwa fidia.

Tofauti yake ni hii. Fidia hutolewa na aliyekosea, na hupimwa kwa hasara: gharama za matibabu, siku ambazo mzazi hakwenda shambani, mkono ambao hautashika jembe tena. Kifuta machozi ni pole. Anayekitoa hakubali kosa, na kiwango chake kimeandikwa mapema bila kuangalia hospitali ilidai kiasi gani. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka Sh1,000,000 kwa kifo, Sh500,000 kwa ulemavu wa kudumu na Sh200,000 kwa jeraha lisiloacha ulemavu. Baadaye viwango vilipitiwa upya na kupandishwa, hivyo ni vema kuuliza kiwango cha sasa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Hata vilipopanda, msingi ni uleule: ni pole.

Pole hiyo nayo ina masharti. Mnyama awe miongoni mwa wale wakali waliotajwa na kanuni. Aliyeumizwa asiwe katika tendo la uhalifu, kama vile kuwinda bila kibali. Wazazi wanaotuma watoto kuchungia ndani ya pori wanapaswa kulijua hili mapema, kwa sababu jeraha lililopatikana mahali palipokatazwa linaweza kumaliza madai kabla hayajaanza.

Fisi akiwa na mwenyewe

Mambo hubadilika kabisa ikithibitika kwamba mnyama alifugwa. Kumfuga mnyamapori bila leseni ni kosa la jinai. Anayemfuga fisi, kisha fisi huyo akamng'ata mtoto wa jirani, hawezi kujificha nyuma ya kifuta machozi cha serikali. Hapo kuna mtu anayewajibika, na hapo ndipo neno fidia linapopata nafasi yake.

Njia ni mbili na zinaweza kwenda pamoja. Kwanza ni kesi ya jinai: mahakama ikimtia mtu hatiani, inaweza pia kumwamuru amlipe aliyeumizwa. Pili ni kesi ya madai, ambayo familia huifungua yenyewe kudai gharama na maumivu. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu tangu tukio. Kwa mtoto sheria ina nafuu, kwa kuwa muda huo huhesabiwa baada ya kufikia utu uzima, lakini ushahidi haumsubiri akue. Shahidi huhama na kumbukumbu hufifia.

Kigumu ni kuthibitisha. Uvumi kwamba mzee fulani ana fisi hautoshi mahakamani, na Kanda ya Ziwa imeshashuhudia wazee wakiuawa kwa uvumi wa uchawi. Mwenye taarifa aipeleke polisi, wala asiipeleke kwenye mkutano wa hasira. Jirani asiye na hatia akidhurika, familia iliyokuwa ikidai haki itajikuta kizimbani.

Saa ya kwanza

Kabla ya sheria kuna jeraha. Fisi, kama mbwa, anaweza kubeba kichaa cha mbwa, na dalili zake zikishatokea ugonjwa huo karibu kila mara huua. Damu ikitoka kwa wingi, bana jeraha kwa kitambaa safi na umwahishe mtoto hospitali. Damu ikiwa si nyingi, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usipake majivu, udongo wala mafuta ya taa. Uliza chanjo mbili kwa majina yake, ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda, na umalize dozi zote hata kama kidonda kimefunga. Familia nyingi huishia njiani kwa sababu ya nauli ya kurudi mjini, na hiyo ndiyo hatari kubwa.

Matibabu hayohayo ndiyo ushahidi. Karatasi ya daktari inayosema jeraha limesababishwa na mnyama, stakabadhi za dawa, nauli za bodaboda zilizoandikwa kwenye daftari, picha za jeraha na za eneo la tukio kwa simu: vyote viwekwe pamoja. Taarifa ifike kwa mtendaji wa kijiji haraka iwezekanavyo, iandikwe, na mzazi abaki na nakala. Mtendaji humwita ofisa wanyamapori wa wilaya, anayekuja kuthibitisha kwa nyayo na maelezo ya mashahidi, ndipo maombi yaende Wizara ya Maliasili na Utalii. Nyayo hufutwa na mvua moja au kundi moja la ng'ombe. Anayesubiri wiki ipite hana cha kumwonyesha ofisa.

Kwa asiyeweza kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ni mahali pazuri pa kuanzia kuwauliza.

Jioni ikikaribia, barabara za vumbi kuelekea Lagangabilili na Mwanhuzi hujaa ng'ombe wanaorudi. Nyuma ya kila kundi kuna watoto wenye fimbo, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, kwani wazazi wengi huku hawamtumi mtoto peke yake. Nyumbani mama huwahesabu watoto kwanza, ndipo baba akahesabu ng'ombe.