Swali Lililokula Jibu Lake

Tumefundishwa tangu utotoni kwamba kuuliza si ujinga. Nami naliamini neno hilo, msomaji mpenzi, wala hata leo sijaliacha. Lakini yako maswali ambayo huyala majibu yake yenyewe. Mwulizaji asiyejua jinsi swali lake litendavyo kazi aweza kuondoka na uongo mkononi, na nyuma yake akaacha ukweli umefutika. Mimi nilikuwa mmoja wa waulizaji hao. Nitakueleza ilivyokuwa, nawe utahukumu.

Kazi yangu ni ufundi wa mitambo ya umeme, na nimeifanya kwa miaka mingi katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mbali na kwetu Kenya. Siku moja mama mmoja mjane aliniita nyumbani kwake. Kwa kuwa alikuwa na umri wa kunizaa nilimwita Mama, kama nilivyolelewa, naye hakukataa. Alinishusha katika chumba kilicho chini ya nyumba, akafunua shuka kuukuu, na chini ya shuka ile palikuwa na kompyuta ya aina ya PDP-8/E.

Huenda hujapata kuisikia. PDP-8 ya kwanza ilitolewa mwaka 1965 na kampuni ya Digital Equipment Corporation, iliyokuwa na makao yake katika mji wa Maynard, katika jimbo lile lile. Na hii ya herufi E ilifuata mwaka 1970. Watu wa zama zile waliiita kompyuta ndogo, maana nyingi zilizoitangulia zilijaza chumba kizima. Haina kioo kama kompyuta za leo. Usoni pake mna safu za taa na swichi tu, na mtu aweza kuziinua na kuzishusha swichi hizo kwa kidole, akaandika neno katika kumbukumbu ya mashine au akalisoma lililomo. Kumbukumbu yake ya kawaida ni maneno 4,096, na kila neno lina biti 12, yaani alama 12 ambazo kila moja ni sifuri au moja. Simu iliyo mfukoni mwa baba yako hubeba mabilioni ya alama kama hizo. Mashine hii ilibeba 49,152 tu, nayo ilifanya kazi za watu wazima.

Mume wa mama yule alikuwa mwalimu wa hesabu. Shule yake ilipoitupa mashine, yeye aliichukua nyumbani, akawa akiiandikia programu za kuwafundisha watoto. Jioni moja ya mwaka 1986 aliizima, akapanda kwenda kulala, asiamke tena. Tangu siku ile hapana mtu aliyeiwasha.

"Sitaki uiuze wala uipambe," mama aliniambia. "Nataka kujua jambo moja tu. Je, limebaki humo lolote aliloliandika?"

Swali hilo si la kipuuzi, ingawa laweza kukushangaza. Kumbukumbu ambayo kompyuta za leo hufanyia kazi husahau yote mara umeme ukatikapo. Kumbukumbu ya mashine ile haisahau. Imefanywa kwa pete za feraiti, ambayo ni jamii ya kauri yenye tabia ya sumaku, na kila pete ni ndogo kuliko mbegu ya ulezi. Ndani ya kila pete hupita nyaya nyembamba, na katika viwanda vya siku zile kazi ya kuzitunga pete na nyaya hizo ilifanywa sana na mikono ya wanawake. Pete ikielekezwa sumaku yake upande mmoja ni sifuri, ikielekezwa upande wa pili ni moja. Umeme ukizimwa, sumaku hukaa vile vile ilivyoachwa, mwaka kwa mwaka, kama kaburi litunzavyo siri yake. Basi yale aliyoyaacha marehemu usiku ule huenda yalikuwa yangalimo.

Nilianza kwa uangalifu, na jambo hilo nalisema ili usinidhanie mtu ovyo. Nilizitoa mbao zote za mashine nikaupima mtambo wa umeme peke yake hadi nikaridhika nao. Kisha nikazirudisha mbao, nikawasha, na taa zikawaka. Nilikaa na kalamu na daftari, nikaanza kusoma neno moja moja: naweka anwani, nabonyeza swichi ya kusomea, natazama taa 12, naandika. Kumbukumbu ya mashine hiyo imegawanyika katika kurasa 32 za maneno 128. Nikausoma ukurasa wa kwanza wote. Kisha, kwa kuwa fundi mwema huhakikisha, nikausoma tena tangu mwanzo. Masomo yale mawili yalilingana neno kwa neno. Nilifurahi mno, nikasema moyoni, "Kumbukumbu hii ni nzima."

Ndipo nilipolitazama daftari langu kwa mbali, nikaona jambo. Katika maneno yote 128, taa ya saba kutoka kushoto haikuwaka hata mara moja. Labda taa imeungua, nikadhani. Nikageuza kitasa ili taa zile zile zionyeshe kitu kingine kisichotoka katika kumbukumbu, na ya saba ikawaka vizuri. Kwa hiyo taa haikuwa na kosa. Nikachagua neno moja katika ukurasa niliokwisha kuuandika, nikaweka humo moja katika biti zote 12, nikalisoma. Taa 11 ziliwaka. Ya saba ikabaki giza.

Hapo nilijua ya kuwa ubao wa kumbukumbu una ugonjwa. Nikanyosha mkono niusome ukurasa wa pili, nipate kujua kama ugonjwa umeenea huko pia. Lakini usiku ulikuwa umeingia na mama alikuwa ameniita kula, nikaizima mashine. Chakula kile, msomaji wangu, ndicho kilichoniokoa.

Usiku huo nililala na kitabu cha mashine kifuani, nikafika mahali nilipopata kupasoma ujanani na kupasahau. Pete ya feraiti haiwezi kutazamwa tu. Ili kujua imeelekea wapi, mashine huisukuma kwa nguvu upande wa sifuri. Ikiwa ilikuwa moja, sumaku hupinduka, na mpinduko huo hutoa mpigo mdogo wa umeme, sehemu chache tu za mia za volti, katika waya wa kusikilizia. Kikuzaji huudaka mpigo huo na kuukuza. Ikiwa pete ilikuwa sifuri tayari, haipinduki, na waya hukaa kimya. Ama iwe hivi ama iwe vile, kusoma kukiisha pete ni sifuri. Ndiyo sababu mashine, mara tu baada ya kusoma, huandika upya kile ilichokisikia. Kila kusoma ni kufuta na kuandika tena.

Sasa fikiri pamoja nami. Kama sikio la biti ya saba limekufa, mashine hupindua pete, haisikii kitu, hudhani ilikuwa sifuri, na huiandika sifuri. Iliyokuwa moja imekwisha potea. Nikisoma mara ya pili nitapata sifuri tena, na masomo mawili yatalingana kabisa, si kwa sababu ni kweli, bali kwa sababu somo la kwanza lilikwisha kuugeuza uongo ukawa ndio hali ya mambo. Ule ushahidi nilioufurahia ndio uliokuwa alama ya maangamizi. Nilikuwa kama mtu afunguaye hati kongwe, na kila ukurasa aufunguao humeguka mkononi mwake.

Asubuhi nilifikiri kunyamaza. Hapana mtu aliyejua, wala hapana ambaye angejua. Lakini niliketi mbele ya mama yule nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Umepoteza ngapi?" akauliza.

"Biti 128, Mama, kati ya 49,152. Nyingine huenda zilikuwa sifuri tangu awali, lakini sijui zipi."

"Na zilizosalia?"

"Hazijaguswa."

Alinyamaza kidogo. "Basi," akasema, "usiziguse mpaka ujue."

Tangu hapo sikuusoma ukurasa mwingine wowote. Ukurasa niliouharibu ukawa uwanja wa majaribio yangu, kwa kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Nilichukua osiloskopu, chombo kinachoonyesha mipigo ya umeme kama mistari kwenye kioo, nikaanza na jirani mzima. Niliandika moja katika biti ya sita, nikaisoma, nikaona mpigo ukiingia katika kikuzaji chake na ukitoka umekua. Kisha nikafanya vivyo hivyo kwa biti ya saba. Mpigo uliingia, mzuri, wenye umbo sawasawa na ule wa jirani. Lakini upande wa kutokea hapakuwa na kitu. Hapo nilishusha pumzi. Pete zilikuwa hai, na nyaya zao hazikukatika. Kama ingekuwa pete ndizo zilizovunjika, hakuna duka duniani ambalo lingeniuzia nyingine. Aliyekufa alikuwa kikuzaji, kipande cheusi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kilichochoka kwa uzee. Nikakilehemua, nikalehemu kingine mahali pake, kisha nikaandika moja na sifuri katika ukurasa ule ule mara nyingi kupita kiasi, mpaka hofu ikanitoka.

Ndipo nikamwita mama aje asimame nami. Niliweka anwani ya neno la kwanza la ukurasa wa pili, nikabonyeza. Taa ya saba haikuwaka. La pili, haikuwaka. La tatu, haikuwaka. Mkono wangu ulitetemeka. La nne, ikawaka.

Mengine yalikwenda upesi. Niliandika programu fupi katika ukurasa ulioharibika, nikaiunganisha mashine na kompyuta ya leo kwa waya, na maneno 3,968 yaliyosalia yakapita salama. Humo tulikuta programu ya kuwauliza watoto maswali ya hesabu. Mtoto akijibu vibaya, mashine haikumwambia kwamba amekosea. Ilimwandikia maneno mawili tu ambayo kwa lugha yetu ni: "Tazama tena." Mama alipoyasoma alicheka huku akifuta macho, akasema kwamba maneno hayo mumewe aliyasema hata mezani.

Lakini programu haikukubali kwenda. Katika mashine ile ukurasa wa kwanza ndio pekee ambao kurasa nyingine zote zaweza kuufikia moja kwa moja, na kwa hiyo waandishi wa programu walizoea kuweka humo hesabu na anwani zinazotumiwa kila mahali. Nami katika kurasa 32 nilikuwa nimeuharibu huo.

Ilinipasa kuurudisha kwa kufikiri. Biti 11 za kila neno nilikuwa nazo daftarini. Ile ya saba, ikiwapo, huongeza 32. Isipokuwapo, haiongezi kitu. Basi kwa kila neno palikuwa na majibu mawili tu. Kama neno ni anwani, moja kati ya hayo mawili lilinipeleka mwanzoni mwa kazi fulani, na la pili likaniangusha katikati ya kazi nyingine pasipo maana. Hapo kuchagua kulikuwa rahisi. Kwa muda wa majuma matatu nilizipima moja moja, na mwisho programu ikaenda, ikauliza, ikajibu.

Limebaki neno moja ambalo hakuna hoja iwezayo kuliamua. Ni idadi ya maswali ambayo mtoto huulizwa kabla ya kupumzika. Kwa biti ile kuwa sifuri ni maswali 8. Kwa biti ile kuwa moja ni maswali 40. Programu huenda sawasawa kwa yote mawili. Nilimwuliza mama.

"Maswali 8 ni ya mwalimu mpole," nilimwambia, "na 40 ni ya mwalimu mkali. Yeye alikuwa yupi?"

"Alikuwa yote mawili," akajibu.

Basi katika karatasi nilizomkabidhi, mahali pa neno hilo nimeandika hivi: "8 au 40. Haijulikani. Biti hii ilipotezwa na msomaji wa kwanza." Ningeweza kuandika 8 bila haya, na hapana ambaye angenishtaki. Lakini atakayezisoma karatasi hizo baada yangu ana haki ya kujua ni wapi sauti ya mwalimu inakoma na ni wapi kosa langu linapoanza.

Wewe nawe, msomaji mpenzi, utauliza maswali mengi maishani, ya mashine, ya vitabu, na ya watu. Uliza, wala usiogope. Ila kabla hujanyosha mkono, jua kwanza swali lako linakifanyia nini kile unachokiuliza. Na ukikuta umekwisha kukiharibu, liandike kosa lako pale pale, kwa wino usiofutika.